Kila Akiuawa Mtu, Eti Wa Kwanza Kufika Ni Mimi

Marcelo Ngeleja,
Nkoma, Bariadi.
Julai, 1995.

Ndugu Mhariri,

Mwangaluka, ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Kama barua imekufikia mchana, basi mwadila. Huku tu wazima. Pamba imetoka, wanunuzi wamekuja wengi na malori yao, kila mmoja na mizani yake inayosema lake. Hiyo si shida yangu leo. Mimi ni kibarua, napakia tu.

Shida yangu ni gazeti lako.

Mwandishi wako Januarius alikuja hapa Nkoma na kamera na viatu vizuri. Akasema anaandika mauaji na unyama ambao haujulikani nani kafanya, ili watu wasisahau. Tukamwambia vizuri sana. Tukampa kiti, tukampa maziwa, tukamweleza. Baadaye gazeti likatoka. Juu limeandikwa: NKOMA, MAUAJI YASIYO NA MUUAJI. Chini yake matukio manne. Na kila tukio linaishia hivi: Mpaka sasa hakuna aliyekamatwa. Wa kwanza kufika alikuwa Marcelo Ngeleja, kibarua.

Mara nne. Mhariri, ungekuwa wewe, ungemfikiriaje huyo Marcelo?

Nina malalamiko. Nayapanga kwa namba ili usije ukasema hujaelewa.

1. Ni kweli nilifika wa kwanza. Sikatai. Huku ukipigwa mwano, yaani yowe la hatari, kila mwanaume anatoka mbio na fimbo yake. Ni amri ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Ukichelewa unatozwa mbuzi. Usipofika kabisa unatengwa: hupewi moto, hupewi maji, ukisalimia ni kama umesalimia miti. Kwa hiyo mimi natii. Nimetii mpaka nimekuwa mshukiwa.

2. Januarius hakuuliza kwa nini nafika wa kwanza. Angeuliza ningemwambia. Mimi sina mke. Wanaume wengine wakisikia mwano wake zao wanawashika shati. Wanalia, unaniachia nani hawa watoto, subiri wenzako watangulie. Mwanaume anavutana naye kidogo, kwa heshima tu, halafu anatoka akiwa amechelewa vizuri. Marehemu mke wangu Martha alikuwa na mkono kama wa mpakiaji. Enzi zake nilikuwa nafika wa nane, wa tisa, shati limefumuka mgongoni. Hakuna gazeti lililoniandika. Alipofariki nikawa natoka mlangoni kama risasi. Sikupanga. Hakuna tu wa kunishika.

3. Wa pili kufika, mara zote nne, ni jirani yangu Anatoli. Anatoli ana mke, ila walikuwa wamenuniana, kwa hiyo hakushikwa. Mbona yeye hakuandikwa? Tulikuwa tunahemeana kisogoni.

4. Hili soma polepole. Mzee Kasmiri aliuawa njiani akitoka mnadani kuuza ng'ombe. Aliuawa kweli, si hadithi. Alikuwa mtu mpole. Akikuona unapakia juani anakuletea maji, hujamwomba. Nilimkuta kalala kifudifudi, nzi wameshajaa. Nikavua shati langu nikamfunika. Lile lile lililofumuka mgongoni, la mkono wa Martha, sina lingine. Polisi wakaja baadaye, baada ya sisi kuchangia mafuta ya gari, maana siku hizi kila kitu ni kuchangia. Wakauliza shati la nani. Nikasema langu. Wakaondoka nalo, eti ni ushahidi. Mpaka leo liko huko. Katika matukio yote manne, mhariri, kilichokamatwa ni shati langu. Gazeti lako linasema hakuna aliyekamatwa. Si kweli. Shati liko ndani.

5. Kuna Nyanjige. Ni mjane, anakaa huku upande wa lambo, ana kuku wengi na maneno machache. Tulikuwa tumeelewana. Imebaki kaka yake Constantine akubali. Sasa Constantine ni mvuta tumbaku. Gazeti lilipomfikia alilisoma, halafu akaanza kulichana ili asokotee. Akavuta maelezo yote. Akavuta pale palipoandikwa kwamba nilimbeba mlinzi wa ghala mgongoni, kapasuliwa kichwa, mpaka zahanati. Akavuta pale palipoandikwa kwamba mwenye duka aliyekatwa mapanga alinishukuru. Vimebaki vipande vinne, vyote vina jina langu. Kavibandika ukutani kwa uji. Nikienda kuposa nakalishwa chini ya hivyo vipande. Constantine anakohoa, ananiuliza, eti shemeji mtarajiwa, na hapa kwangu unategemea kufika wa kwanza lini? Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nyanjige hacheki. Anatoka kwenda kuangalia kuku.

Mhariri, huyo mama ndiye niliyebaki naye moyoni. Nimekaa peke yangu vya kutosha. Napika ugali unabaki, nampa mbwa, na mbwa si wangu.

6. Watu wameanza kunikimbia. Nikipita wanaulizana kuna nini huko ninakokwenda. Jumapili niliwahi kanisani nikawa wa kwanza. Katekista alipoingia akanikuta nimekaa peke yangu. Hakunisalimia. Alikimbilia nyuma kuangalia kama padri ni mzima.

7. Januarius aliuliza nani alifika wa kwanza. Hakuuliza nani aliondoka wa kwanza. Huyo ndiye muuaji. Kila mara mimi nafika, yeye anaondoka. Na kama kufika wa kwanza ni kosa, basi wakamatwe wale nzi. Walinitangulia.

Sasa naomba hivi.

Uandike kwenye gazeti lako kwamba kuanzia leo Marcelo Ngeleja hafiki tena wa kwanza. Atafika wa tisa, kama enzi za Martha. Nimeshaamua. Mwano ukipigwa nitatembea.

Shati langu waniachie. Kama wanataka kulihoji waje walihoji hapa, nikiwa nimelivaa.

La mwisho, umwambie Constantine anipe Nyanjige. Hii si posa tu, ni usalama wa taifa. Nisikilize. Nikioa, nitashikwa shati. Nikishikwa shati, sitafika wa kwanza. Nisipofika wa kwanza, Januarius atakosa mtu wa kuandika. Akikosa mtu wa kuandika, na polisi wakikosa shati la kukamata, itabidi wote wawili wakamtafute muuaji wa mzee Kasmiri. Hakuna njia nyingine. Serikali ikitaka mauaji yaishe Nkoma, inioze.

Wasalimie wote hapo ofisini, anayepanga herufi, anayepiga picha, anayefagia. Msalimie Januarius, mwambie sina kinyongo naye, akija tena maziwa yapo. Wasalimie na watu wa nyumbani kwako, mama watoto hasa, na siku ukisikia kelele nje akakushika shati, usimsukume.

Ni mimi ninayefika,
Marcelo Ngeleja, kibarua.

Nyongeza: Barua nilikuwa sijaifunga, mwano ukapigwa. Mchana kweupe, jua la utosi. Sauti ilitoka upande wa lambo, nikadhani ni wachunga ng'ombe. Nikakumbuka nilichokuandikia. Nikatembea. Waliokuwa wanakimbia nikawasalimia, mwadila bhabha, mwadila shemeji, hakuna aliyeitikia. Nikakaa chini ya mnyaa nikatoa mwiba mguuni. Mwiba wenyewe haukuwepo. Nikafika nyuma ya kila mtu, hata nyuma ya babu mmoja mwenye magongo, ambaye alinipita akiniambia nisogee.

Ilikuwa kwa Nyanjige. Kicheche aliingia bandani, kaua kuku nusu ya banda. Nyanjige alikuwa kasimama katikati ya watu, kashika jogoo aliyekufa kwa miguu. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kichwani. Akasema, mbele ya wote, angekuwa jambazi, huyu angekuta matanga yangu. Mtemi wa sungusungu akanitoza mbuzi papo hapo. Constantine naye kageuka. Anasema dada yake hawezi kuolewa na mwanaume anayekuja kwenye mwano kama anakwenda kilabuni. Anasema alikuwa anamtania tu yule Marcelo wa kwenye gazeti, kumbe alikuwa anampenda. Vile vipande vinne kavibandua ukutani kwa hasira. Nilipoondoka alikuwa anavisokotea.

Kwa hiyo mhariri, yote niliyoandika hapo juu achana nayo. Chapisha tena ile habari ya zamani, matukio yote manne, na jina langu kwa herufi kubwa: wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza. Upeleke nakala kwa Nyanjige moja kwa moja. Tafadhali iwe karatasi ngumu, isiyofaa tumbaku. Shati bado nalitaka.

Kicheche mpaka sasa hajakamatwa. Wa kwanza kufika alikuwa Anatoli, wamenuniana tena na mkewe. Huyo msimwandike.