Ng'ombe Sita wa Felician

Felician alipouona ubao wa Kisomo umeegemezwa kando ya mnada wa Katesh, moyo ulimruka kama wa mtu aliyekuta chungu cha pombe hakina mwenyewe. Mwaka ule kila mtu mzima alitakiwa ajue kusoma na kuhesabu, na Felician aliamini hakuna mtu rahisi kuliwa kama yule aliyejua kuzidisha tangu Jumatatu.

Akaegesha baiskeli, mali pekee iliyombakia tangu afukuzwe ukarani. Akamwomba mwenye ubao, Mwalimu Ernestina, chaki, akaandika: 142857.

"Ndugu wananchi! Hawa ni ng'ombe sita waliozindikwa wasipotee. Rusheni dadu hii, Mwalimu azidishe kwa namba itakayotokea. Akipotea ng'ombe mmoja tu, baiskeli yenu. Wasipopotea, nipeni kuku."

Dadu ikatoa mbili. Mwalimu, ambaye mnada mzima ulimwamini kuliko mizani, akazidisha: 285714. Ikatoa tano: 714285. Loo! Walewale sita, wamebadilishana nafasi tu! Kufika saa sita mchana baiskeli ilikuwa imening'inizwa kuku kumi na mmoja, wote wakilalamika.

Ndipo akasogea Hhando wa Gehandu, mzee aliyekuwa ameegemea fimbo pale tangu asubuhi. Felician hakumwamkia, alikuwa kazini.

"Kijana, mimi naweka mtamba. Ila namba nachagua mwenyewe, bila hicho kifupa chako."

Felician akamtazama yule mtamba. Mweusi, mnono, anang'aa kama kiatu cha mkuu wa wilaya. Akamnong'oneza Mwalimu, "Darasa lako limefika jedwali la ngapi?"

"La sita."

"Mzee, chagua!"

"Saba."

Felician akadakia, "Saba hamjaisoma!"

"Sijaisoma. Nimechunga." Hhando akaelekeza fimbo ubaoni. "Ng'ombe wako wanazunguka, wanafuatana vilevile. Kila namba mpya, anatangulia mwingine. Namba sita, ng'ombe sita, wote wameshatangulia. Kwa saba atatangulia nani?"

Mwalimu akazidisha. Akafuta, akazidisha tena: 999999.

Mnada mzima ukausogelea ubao, hata mbuzi.

"Ni walewale," Felician akasema kwa sauti nyembamba. "Wamevaa sare."

"Sare ya bibi yako!" Scolastica muuza mahindi akafoka. "Tisa hakuwemo zizini! Lete jogoo wangu!"

Kuku wakarudi makwao. Hhando akaikamata baiskeli pembe mbili, akaivuta kuelekea Gehandu, mtamba akifuata. Kuipanda hakukumpitia akilini. Felician akamkimbilia.

"Mzee wangu, Singida kwetu ni mbali kwa miguu..."

"Tangu asubuhi unanipita kama mti."

Felician akavua kofia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hhando hakusimama. "Sasa shika huko nyuma, usukume. Huyu wa magurudumu hajazoea kupanda mlima."