Mgonjwa Asiye na Kovu

Kuroiwa alimwona mzee mmoja akitoka hospitali ya mionzi ya kaboni, nywele zote kichwani, anatafuna mkate wa krimu. Saratani ya mfupa wa nyonga, mzee akamweleza. Hakukatwa wala hakushonwa. Kuroiwa nusura amkumbatie. Ugonjwa usioacha kovu ni mtaji.

Wiki ileile alipanga chumba juu ya duka la tofu la Bi Masue, akamnong'oneza kuwa nyonga yake imeliwa na saratani. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima wa maduka ulijua. Basi siku nne kwa wiki alitoka na taulo begani, uso wa msiba, kama aendaye kupigwa mionzi, akaishia ukumbi wa pachinko, kamari ya mashine za gololi. Huku nyuma bahasha za pole zenye fedha zilimiminika: muuza samaki, kinyozi, hata bahili mwenye duka la miavuli.

Bi Masue naye alikuwa na uvimbe chini kabisa ya uti wa mgongo. Wapasuaji walimwambia wakiukata huenda asitembee tena, akaapa hakanyagi hospitali. Lakini Kuroiwa, kwa kunogesha uongo wake, aliisifu mionzi, kwamba inaunguza kama pasi lakini haikati, hata bibi akajifunga kibwebwe, akaenda. Akamaliza majuma yake manne.

Asubuhi moja Kuroiwa akishuka na begi, tayari kutoroka, alimkuta Bi Masue amesimama chini ya ngazi.

"Mwanangu, ulisema inaunguza kama pasi."

"Iliniunguza, mama."

"Mimi nimelazwa ndani ya ganda la plastiki lililofinyangwa kwa mwili wangu, nisitikisike. Sikusikia hata vuguvugu. Wewe pale hujawahi kulala."

Kuroiwa akaweka begi chini. Akauliza kama ataitiwa polisi.

"Polisi wa nini? Nimeshawatangazia watu umepona."

Kuroiwa aliijua desturi ya huko. Aliyepona hurudisha nusu ya alichopewa, tena kwa kitu cha kuliwa kikaisha, ugonjwa nao uishe.

"Nusu, mama?"

"Nusu ni ya waliougua. Wewe utarudisha zote. Wali wa maharage mekundu nimeupika tangu alfajiri. Bahasha tia kwenye ndoo ile, zilipie wali."

Mchana kutwa Kuroiwa alibeba masanduku ya wali mlango kwa mlango. Kinyozi alimshika mikono akalia kwa furaha. Bi Masue alitangulia, polepole, mkono kiunoni, lakini anatembea, wala hakuruka nyumba hata moja.

"Inama zaidi," alimwambia mbele ya duka la miavuli. "Ulikuwa mahututi."