Hita ya Bi Mwatumu

Jumamosi, 8 Julai 2017
Nimempokea Bi Mwatumu, mama yake Mayasa, uwanja wa ndege wa Johannesburg. Katoka Tanga kuja kuamua nani amwoe binti yake: mimi au Burhani. Burhani anakaa Midrand, ndani ya mageti yenye walinzi. Ana gari jipya. Mimi nakaa Joubert Park, ghorofa ya saba, lifti mbovu. Gari langu hukaa popote linapozimikia.

Barabara kuu, mshale wa joto ukaanza kupanda. Injini inataka kuchemsha, na mkwe yuko nyuma! Nikakumbuka ujanja wa madereva: washa hita hadi mwisho, inyonye joto la injini. Nikawasha, nikangoja matusi. Bi Mwatumu, kanga mbili na blanketi la kwenye ndege (sidhani kama alipewa), akasema alhamdulillahi, kumbe mji huu wenye baridi kali ya Julai una vijana wenye huruma. Akauliza mbona natiririka jasho. Nikasema ni furaha ya kumpokea.

Kanipenda. Nilimwona kwenye kioo.

Jumapili, 9 Julai
Burhani kampeleka kuona msikiti mkubwa wa Midrand. Mayasa anasema njiani alifungua dirisha la paa ili mama aone mbingu. Mama kaziona. Karudi na mafua. Nimempelekea tangawizi, na namwombea Burhani abaki na akili hiyohiyo.

Jumanne, 11 Julai
Nimempeleka Bi Mwatumu Kensington, kwa ndugu yake. Hita mwanzo mwisho. Alilala, akakoroma. Mimi ndani ya koti nilikuwa supu. Kwenye roboti, yaani taa za barabarani, mvuke ukafumuka kwenye boneti, akashtuka. Nikamwambia ni ukungu wa Johannesburg, huja na majira. Dereva wa teksi nyuma yetu akapiga honi na kumtaja mama yangu mzazi.

“Anasemaje?”

“Anakusalimu, mama.”

Jumamosi nampeleka Midrand kwa mzee Jumbe, mjomba wa Mayasa. Huko ndiko atatoa jibu. Injini hii haifiki Midrand. Eish.

Jumatano, 12 Julai
Nimemwita Pitchou, fundi Mkongo anayefanyia kazi kando ya barabara chini ya ghorofa letu. Kwanza alinieleza jinsi alivyofufua gari la askofu Lubumbashi. Kisha akachomoa kidude kwenye njia ya maji: thamostati. Kazi yake ni kufunguka maji yakipata moto, yaende kwenye rejeta yakapoe. Akakichemsha ndani ya sufuria yangu ya ugali. Kizima kingefunguka. Hiki kimenuna tu.

“Haka kamekufa, patron. Ulete kapya.”

Nikauliza: bila hiki gari linatembea?

“Inatembea, patron, lakini...”

Lakini za mafundi huishia dukani. Nikamwambia afunge hivyohivyo.

Ijumaa, 14 Julai
Mshale uko chini kabisa! Nimempigia Burhani kumwarifu kuwa gari langu sasa linapumua kama mtoto mchanga. Kanitakia heri. Wivu huo!

Jumamosi, 15 Julai
Balaa. Asubuhi vioo vina barafu. Nawasha hita kwa madaha: upepo wa jokofu! Nikaizungusha, nikaipiga ngumi. Jokofu. Bi Mwatumu akanikazia macho.

“Karimu, baba, leo hutoki jasho. Furaha imekwisha?”

Nikasimama pembeni, nikalizunguka gari mbio ili nitoke jasho. Nilipata kikohozi. Burhani akatokea (kumbe alitufuata nyuma), paa limefungwa, blanketi mkononi. Mama akahamia kwake bila kuaga.

Kwa mzee Jumbe hakutaja jina la mtu. Alisema tu: “Siku ya kwanza moto, siku ya nane barafu. Mwaka wa nane itakuwaje?” Wazee wote wakanigeukia mimi. Mayasa kalia, kanipigania: Jumamosi ijayo mimi ndiye nimrudishe mama uwanja wa ndege. Nafasi ya mwisho.

Jumapili, 16 Julai
Pitchou kaimalizia ile lakini yake. Bila thamostati maji ya injini hayapati moto sawasawa, na hita hula moto wa maji hayohayo. Mpya ingemaliza yote mawili.

Nikatafakari. Nikamwomba airudishe ile iliyokufa. Si hita ilikuwa kali nayo? Kacheka hadi kakaa juu ya tairi. Kakataa.

“Miye siue motokari ya muntu.”

Nimeirudisha mwenyewe.

Jumamosi, 22 Julai
Hita kali! Jasho hadi soksi! Bi Mwatumu akatabasamu, akaniita mkwe. Mkwe! Nikakanyaga mafuta kwa raha.

Bu! Ukungu wa Johannesburg ukajaa gari zima. Tukakaa kando ya barabara. Ndege ikapita juu yetu. Ilikuwa yake.

Burhani kaja kumchukua. Kafungua tena lile dirisha la paa, eti mvuke umtoke mama kwenye kanga. Bi Mwatumu kasema ametuchoka sote na magari yetu. Januari atakuja shangazi yake Mayasa, yeye ndiye ataamua.

Jumatano, 26 Julai
Pitchou kabadilisha gasketi ya injini iliyoungua na kafunga thamostati mpya. Mshale uko katikati, hita safi. Mayasa kanisamehe nusu. Kanidokeza kuwa shangazi hapatani na joto. Na Januari hapa jua linachoma! Burhani ana kiyoyozi. Langu halijawahi kuwa nacho.

Sikulala mchana. Nikakumbuka ile safari ya Midrand: thamostati imetolewa, hita inapuliza barafu tupu. Kiyoyozi! Nilikuwa nacho, nikakikataa!

Nimeshuka ngazi mbio kumwambia Pitchou aitoe tena. Kaniangalia sana. Akaanza, “Itatoka, patron, lakini ile baridi ilikuwa ya inje. Januari...”

Nikafunga boneti.