Kirungu cha Titani

Jumatatu, 3 Machi

Mwanyumba amenunua kirungu cha gia cha titani.

Mke wangu kanipa habari hiyo mezani, kama anayetangaza kwamba sabuni imeisha. Kaambiwa na dada yake. Mwanyumba ndiye mume wa huyo dada: mtu mpole, mcheshi, anapendwa na kila mtu. Kasoro zake ni hizo. Eti tangu afunge kirungu hicho cha metali ghali juu ya mkono wa gia, gia zinaingia zenyewe, yeye anaweka mkono kwa heshima tu.

Gari langu la michezo ni la aina ileile. Nililinunua baada ya yeye kununua lake, kwa sababu zangu binafsi. Lake ni jekundu. Langu pia ni jekundu, ukilitazama kwa upande wa dereva. Kirungu changu ni cha plastiki na namba za gia zimefutika. Siku zote nimelihesabu hilo kuwa ulinzi dhidi ya wezi. Leo ghafla nimeona aibu.

Kuna jambo zito zaidi. Jumamosi mama mkwe anafungua maktaba ya shule aliyoiongoza hadi alipostaafu. Wameipa jina lake! Amesema atapelekwa na mkwe mmoja tu, yule ambaye gari lake halimrushirushi, maana magoti yake hayataki utani tena. Magari yetu yana viti viwili viwili. Kwa hiyo mkwe mmoja atashuka naye mbele ya wapiga picha. Mwingine atatafuta pa kuegesha.

Nahitaji titani.

Jumanne, 4 Machi

Muuzaji wa vipuri kaniachia virungu vitatu nivijaribu, kwa sharti kwamba visirudi na mikwaruzo. Ameapa kwamba vyote ni titani tupu. Nimevipa majina ili kurahisisha utafiti: Tufe, Uyoga na Chupa.

Nimevipeleka kazini. Nafanya kazi katika maabara ya meno bandia, nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, na tuna mizani inayohisi hata pumzi. Matokeo: Tufe ni zito, ukilishika unajikuta umenyoosha mgongo. Uyoga ni mwepesi na unajaa kiganjani vizuri, ila chini una mshono unaokwaruza kidole cha mwisho. Chupa inapendeza kupita zote. Ina bluu na zambarau kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Kuishika, hata hivyo, ni kama kumsalimia mtu anayetaka mkono wake urudishwe haraka.

Daktari kaingia, kaviona katikati ya mataya ya plasta, kauliza ni mgonjwa gani huyo. Nimemjibu ni utafiti. Kasema kuna mzee anayesubiri meno yake mawili na amechoka na uji, kwa hiyo utafiti umwonee huruma.

Mchana nimeviweka vyote juani, kwenye dashibodi. Muuzaji alisema titani halisi haishiki joto. Nimevikamata kimoja kimoja. Vyote vinaunguza. Ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfunga mke wangu kitambaa machoni na kumpa virungu avilinganishe. Alikuwa anapiga pasi, lakini sayansi haingoji. Kavipapasa kwa zamu, kisha akatoa hukumu: "Hiki chuma. Hiki chuma. Hiki nacho chuma, ila kina majivuno."

Hicho cha majivuno ni Chupa.

Kaniuliza kama kirungu kipya kitaizuia gia ya pili kupiga yowe. Nikamweleza kwamba yowe ni suala la klachi. Akasema basi nitengeneze klachi. Nikavikusanya virungu vyangu. Kuna mambo hayaelezeki kwa mtu aliyeshika pasi.

Jioni nimepata wazo. Titani haishikwi na sumaku! Nikaing'oa sumaku yenye umbo la nanasi kwenye friji, nikaenda kwa Mwanyumba nia yangu ikiwa kumuumbua kwa upole. Alifurahi kuniona. Inaudhi. Kaniketisha kwenye kiti cha dereva, kasema, "Kaa, kaka, ujisikie," kisha akaingia ndani kuniletea maji ya matunda. Nikaigusisha sumaku kwenye kirungu chake. Ikaanguka. Nikajaribu tena. Ikaanguka chini ya kiti na kupotelea huko.

Ni titani halisi.

Nimerudi nyumbani nikavijaribu vyangu kwa sumaku nyingine. Tufe likairukia sumaku kama ndugu waliopotezana. Uyoga hivyo hivyo. Muuzaji ni mwongo! Lakini Chupa haikushikwa hata kidogo. Nimeibusu.

Alhamisi, 6 Machi

Chupa ni titani, lakini bluu yake si kali kama ya kirungu cha Mwanyumba. Titani ikipata moto hubadilika rangi. Maabara ina tanuri la kuchomea meno. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Asubuhi nimeiingiza Chupa tanurini, pembeni ya meno mawili ya yule mzee, ili nisipoteze umeme wa kliniki. Titani hustahimili moto mkubwa kuliko tanuri letu, kwa hiyo nilikaa nikanywa chai bila wasiwasi.

Nilipofungua, Chupa haikuwepo. Kulikuwa na kitu bapa kinachong'aa, mfano wa kisahani, na katikati yake yamesimama meno mawili.

"Aluminiamu," kasema Daktari nyuma yangu. Sikuwa nimemuuliza.

Nimepewa onyo. Mzee ameambiwa aendelee na uji. Alikuwa ananitazama kupitia dirisha la mapokezi, midomo imeingia ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanyumba kanipigia. Ameokota nanasi langu chini ya kiti, anadhani lilinidondoka mfukoni. Funguo ziko kwenye kibao cha ukutani, nipite nilichukue, yeye anaingia kuoga.

Sikupanga lolote. Bahati tu kwamba nilikuwa na Uyoga mfukoni, na kwamba Uyoga unafanana na kirungu chake ukifumba jicho moja. Nimeazima kirungu chake. Narudia: nimeazima. Sikutaka tu kumsumbua akiwa anaoga.

Kukifungua ilikuwa rahisi. Kuufunga Uyoga ikashindikana, kwa sababu meno ya skrubu ya mkono wake wa gia ni membamba mno. Kwa kuwa mimi ni fundi, huwa natembea na gundi ya kubandikia meno, ile yenye mafuta ya karafuu. Nikapaka ya kutosha. Uyoga ukasimama imara. Gari zima likanuka karafuu, lakini hiyo si harufu mbaya.

Nyumbani, pigo jingine. Kirungu chake hakiingii kwenye gari langu! Langu ni toleo la mwaka wa nyuma. Nimeuzungushia mkono wa gia utepe wa mabomba mpaka ukanenepa, nikakisindilia juu. Kimekaa. Kinapendeza kupita kiasi. Gia ya pili bado inapiga yowe, lakini sasa ni yowe la kitu cha thamani.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kasimama mlangoni na gauni jipya, kasema atajaribu magari yote mawili, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kaanza na langu. Nikamsalimu shikamoo, nikamfunga mkanda mwenyewe. Gia ya kwanza ilikwenda vizuri. Kwenye ya pili akashika dashibodi.

"Mwanangu," kasema, "hili gari lina maumivu."

Kahamia kwa Mwanyumba bila hata kulijaribu gari lake. Mimi nikafuata nyuma na mke wangu. Shemeji, mke wa Mwanyumba, alikwisha kutangulia kupanga viti.

Kwenye mzunguko wa barabara karibu na shule niliuona mkono wa Mwanyumba ukitoka dirishani. Ulikuwa umeshika Uyoga. Aliutazama, akaurudisha ndani. Kwenye mkono wa gia hapo imebaki fimbo tupu yenye meno, na pembeni yake yuko mama mkwe na magoti yake! Nikaona magari yakimpigia honi. Nikaona lori likija. Nilimwomba Mungu, kwa dhati kabisa, amnusuru huyo mama, na kama kuna nafasi, Mwanyumba pia.

Mwanyumba hakuigusa gia tena. Akabaki na gia ya tatu hiyo hiyo. Akazunguka polepole, akalipisha lori kwa ishara ya mkono, akateremka mpaka getini na kusimama bila mtikisiko, kama anayeweka kikombe mezani.

Nami kwa haraka ya kumfuata nikavuta gia ya pili. Kirungu kikachomoka mkononi pamoja na utepe wote, gari likazima katikati ya mzunguko. Mke wangu akakichukua, akakigeuza. Chini yake limechongwa jina la dada yake. Sikujua! Mwanaume gani anachonga jina la mkewe mahali pasipoonekana?

Mke wangu alikitia mkobani. Alishuka akasukuma.

Tulifika hotuba zikiendelea. Mama mkwe alikuwa kwenye maikrofoni anamshukuru mkwe wake, kijana mtulivu, asiyebadilisha gia ovyo. Watu wakapiga makofi. Kwenye picha kubwa nimetoka kiwiko tu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kakirudisha kirungu mwenyewe. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikwisha kuandaa majibu, mengine ya kuumiza.

Mwanyumba kasema ananishukuru! Kwa hesabu zake, nilikiona kinalegea, nikakichukua nikikaze kwenye vifaa vya kazini, na nikambandikia cha muda asipate shida. Kasema si kila mtu ana ndugu wa hivyo. Kisha kaomba radhi kwa kuung'oa Uyoga wangu.

Sijawahi kudhalilishwa namna hii.

Muuzaji wa vipuri amevikataa virungu vyake. Tufe lina mikwaruzo, Uyoga unanuka karafuu, na kisahani chenye meno hakukitambua kabisa. Gari limepelekwa kwa fundi wa klachi. Ufunguo anao mke wangu. Nilipouomba kaniuliza nataka kuazima au kuazima kama ninavyoazima mimi.

Jumatano, 12 Machi

Natembea kwa miguu. Akili imepata nafasi ya kufikiri, na nimejichunguza bila upendeleo. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa gari. Gari lina vitu vingi mno vinavyoweza kumwangusha mtu mwenye nia njema.

Leo mke wangu kasema Mwanyumba anataka kuanza kwenda kazini kwa baiskeli, kwa ajili ya afya. Nikasema vizuri, Mungu amsaidie. Nikavaa viatu, nikatoka.

Kuna muuzaji wa baiskeli nyuma ya posta, mtu mwenye macho ya ukweli. Ana kengele mbili. Moja ya kawaida, nyingine titani tupu, ameapa mbele ya wateja wengine. Nimezilinganisha pale pale kaunta. Ya kawaida inalia. Ya titani inatangaza. Nimemwambia asimwonyeshe mtu mwingine, hasa mtu mpole, mcheshi, atakayekuja akitabasamu.

Nimeichukua. Baiskeli nitatafuta baadaye.