Godoro la Mjukuu Wangu Si la Serikali

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa shuleni kwa fomu ya mjukuu wangu, Chiriku. Miaka saba, mdomo haupumziki, ndiyo maana ya jina. Mwalimu anauliza na kuandika, mimi najibu. Analala na nani? Ana tatizo gani? Nikasema kweli: tangu mama yake aende kazi ya mbali, anakojoa kitandani. Mwalimu akaniapia kuwa ni siri ya faili. Haya.

Jumanne, 4 Machi
Siri gani hiyo! Nimekwenda zahanati kwa ajili ya goti. Hata sijakaa, nesi ananiuliza kama mtoto bado analowesha godoro. Eti kompyuta za serikali siku hizi zinasomana. Zinasomana! Mimi na jirani wa ukuta mmoja hatujasalimiana mwaka wa pili huu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Bwana wa ustawi wa jamii kaleta shuka la plastiki. Msaada. Jina la mtoto juu yake, herufi kubwa kama bango la duka. Kalikunjua uani, watoto wa watu wakitazama. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Chiriku kaingia uvunguni. Chakula hataki, shule hataki, neno hatoi. Chiriku kunyamaza! Nimemwambia yule bwana msaada wa namna hiyo akampe mama yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata akili. Asubuhi mbio shuleni: mwalimu, ulisikia vibaya, kikojozi ni mimi. Mtoto mkavu kama kuni. Akasema faili halifutwi, huongezwa tu. Ongeza, mwanangu! Nimezaa wanane, aibu ilinihama zamani.

Barua ya kuomba bomba la maji tuliipeleka mwaka juzi, hadi leo hakuna jibu. Nepi za wazee zimefika saa nane mchana huu huu. Maboksi mawili, jina langu juu! Nikavaa moja juu ya gauni, nikatoka uani, nikawauliza wale watoto nani anataka kucheka. Aliyecheka ni Chiriku. Huyo, katoka uvunguni! Kala sahani mbili, kaniambia kesho shule. Lakini mimi na serikali bado.

Ijumaa, 7 Machi
Chiriku kaenda shule, mimi ofisi ya malalamiko. Foleni hadi mlangoni. Nikawatangazia wote, wawe mashahidi: mjukuu wangu anakojoa kitandani na hilo halimhusu mtu! Wakaniunga mkono, hata mlinzi. Karani, binti mwenye adabu, akatoa fomu. Jina la mtoto? Shule? Tatizo? Nikajibu yote, nikamwongezea na asiyouliza: anavyoogopa kuku, meno yaliyong'oka, na kilichomwachanisha mama yake na baba yake. Binti akasema, bibi, nakala zitakwenda ofisi nne. Nikamwambia nne hazitoshi, apeleke kumi. Wajue wote kwamba mambo ya mtoto huyu ni siri!