Habari za Bujiku na Gurudumu la Kushoto Lililogoma Kuzunguka

Sogezeni vigoda, enyi watu wa Bariadi, nanyi wa Ngulyati mliokuja gulioni, nanyi wa Nkoma wenye nyuzi za pamba kwenye nywele. Mwenye kupukuchua mahindi na apukuchue taratibu. Mwenye mtoto mlizi na ampe ziwa. Mwenye ugomvi na mumewe na auweke kiporo hadi jioni. Nataka kunena habari ya vita vilivyopiganwa katika gereji iliyo kando ya njia ya Ngulyati, siku ya Jumamosi, mchana kweupe. Mengine niliyaona kwa macho yangu mawili, moja zima na moja la kukisia; na yale nisiyoyaona nilisimuliwa na Yusta, ambaye hasemi uongo ila akiulizwa umri. Nawe ulimi wangu, ulionitia aibu katika harusi tatu na msiba mmoja, leo nitendee haki: usitie chumvi ila pale palipopooza.

Nimtaje kwanza shujaa. Ndiye Bujiku fundi magari, mwana wa binti yangu, mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule, mwenye mikono isiyotakata hata siku ya Pasaka, mfungua nati zilizokutu, mtuliza injini zenye kikohozi. Mimi ni bibi yake. Na kwa kuwa kwetu bibi na mjukuu ni mke na mume wa utani, yeye huniita mke wangu nami humwita mume wangu, ingawa anaye mke mwingine, kijana, ambaye mapishi bado anajifunza. Ndiyo sababu chakula cha mchana humpelekea mimi. Neno hilo la chakula lishikeni, tutalirudia.

Chanzo cha vita kilikuwa fahali.

Yusta huyo ni muuguzi, ameletwa na serikali kutoka Bukoba, mpole wa kauli na mzito wa mguu kwenye mafuta. Alikuwa na gari dogo jeupe ambalo breki zake zilikuwa za kuomba radhi: unazikanyaga hapa, zinakuitikia kule. Basi siku moja akitoka Ngulyati, alimkuta fahali wa mzee Mayige amesimama katikati ya njia, mweusi, mwenye nundu kama gunia la mpunga, akitafakari mambo yake. Yusta akakanyaga. Gari likasikia, likafikiri, likaenda likambusu fahali ubavuni. Fahali hakuanguka wala hakuondoka. Aligeuza shingo, akalitazama gari kama mkwe anavyotazama ng'ombe wa mahari mwenye chongo, akaendelea kucheua. Kilichoanguka ni bampa.

Tangu siku hiyo watoto wa Ngulyati wakimwona Yusta walikuwa wakilia "Mooo!" Naye akaenda kwa Bujiku, akanena, "Kaka fundi, nimechomwa sindano na kicheko cha watoto ninaowachoma sindano. Nifungie breki za gari kubwa. Nataka nikikanyaga hapa, lisimame hapa."

Bujiku akaagiza Mwanza breki za gari kubwa lililochinjwa. Zilipofika, watu walikusanyika kuzitazama kama maiti ya chatu. Diski zilikuwa pana kama sinia la harusi. Na kalipa, yaani zile taya za chuma zinazoibana diski ili gurudumu lisimame, zilikuwa nene kama taya za kiboko. Zikaja pamoja na rimu nyingine zilizokwisha tumika, kubwa kuliko za awali. Lakini shujaa alipopima aliona kwamba hata rimu hizo zingezikwaruza taya. Hapo akachongesha spesa mbili, moja ya kila upande: bamba la duara la aluminiamu, nene kama kipande cha mchembe, viazi vyetu vya kukausha. Spesa hukaa nyuma ya rimu, huisogeza nje kidogo, na taya zikapata nafasi ya kupumua.

Asubuhi ya Jumamosi gari likapandishwa jeki. Na hapo ndipo aliponyanyuka Salvatory, fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye kicheko cha bata mzinga na mbwa mwekundu asiyeshiba.

"Buji!" akapaza sauti ili hata wauza nyanya wasikie. "Umemvisha mbuzi kengele ya ng'ombe! Hiyo breki haiingii humo hata uiimbie!"

Watu wakacheka. Bujiku akasimama wima, spana ya tairi mkononi kama mkuki, akahutubia.

"Sikieni, enyi mlio na masikio, nawe Salvatory uliye na mdomo! Kabla ya adhana ya alasiri, magurudumu yote manne ya gari hili yatazunguka bila kuguna. Kisha litakwenda njia ya Ngulyati, na litasimama pale litakapoambiwa simama. Likishindwa, spana zangu zote ni zako, na mimi nitakwenda Nkoma kuchunga ng'ombe wa mjomba!"

Umati ukasema "Ahaa!" kwa mshtuko, kwa maana kila mtu alijua: Bujiku alipigwa teke na ndama akiwa na miaka saba, na mpaka leo hata maziwa huyanywa kwa tahadhari. Kiapo hicho kilikuwa kama mtu asiyejua kuogelea kuapa kwa ziwa.

Basi akaanza na upande wa kulia. Akaweka diski, akafunga kalipa, akavisha spesa, akapandisha gurudumu, akakaza nati, akasukuma kwa kiganja. Gurudumu likazunguka kimya, kama mwanamke mwenye siri. Watu wakashangilia. Akahamia kushoto. Diski kama ile, kalipa kama ile, spesa kama ile. Akasukuma.

*Krrr.*

Akasukuma tena. *Krrr.* Kila mzunguko mmoja, mguno mmoja, pale pale. Akalishusha, akafuta vumbi, akalipandisha. *Krrr.* Akalishusha, akaligeuza, akalipandisha likiwa limehama tundu moja. *Krrr.* Mara saba alilipandisha na mara saba lilimgunia, na jua nalo likapanda bila kumsubiri.

Salvatory akavuka barabara, mikono nyuma kama afisa kilimo.

"Mdogo wangu," akasema, sasa kwa sauti ya asali, "mbona unateseka? Weka spesa mbili juu kwa juu. Rimu itatoka nje zaidi, haitagusa kitu. Hata muuza karanga anajua."

Muuza karanga akaitikia kwa kichwa.

Bujiku akaichukua spesa ya kulia, akaipachika juu ya hii ya kushoto, akapandisha gurudumu, akafunga nati, akasukuma. Na lo! Likazunguka. Halikuguna, halikunong'ona. Umati ukalipuka kwa vigelegele, na Yusta akaruka akipiga makofi, "Limekubali! Limekubali!"

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo ushindi ulipokuwa mkononi mwa shujaa kama kuku aliyekwisha fungwa miguu. Spesa nyingine mbili zingechongwa siku hiyohiyo, kiapo kingetimia, na Nkoma ingebaki na wachungaji wake. Lakini Bujiku hakucheka. Alifungua nati moja kwa vidole, akahesabu mizunguko yake kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu." Na nati ikabaki mkononi.

Akageuka. "Sista Yusta, gurudumu hili linazunguka kama malaika. Lakini spesa mbili zimemeza bolti yote. Nati imeshika mizunguko mitatu tu, na ilipaswa kushika saba. Ukikanyaga breki kubwa kama hizi juu ya nati za namna hii, wewe utasimama, gurudumu litaendelea na safari. Litakutangulia Ngulyati, limsalimie mzee Mayige."

"Mwoga!" akafoka Salvatory. "Mimi nimefunga hivyo magari mangapi!"

"Na mangapi yalirudi?"

Salvatory akainama kumkuna mbwa wake. Bujiku akazitoa zote mbili, akairudisha ya kulia kulia na ya kushoto kushoto, akakaa juu ya tairi bovu kama mtu aliyefiwa.

Ndipo nilipoingia mimi na kapu langu kichwani.

"Mwadila, mume wangu," nikamwamkia.

"Mwadila, mke wangu," akanijibu, kwa sauti ya mtu ambaye tayari anasikia harufu ya zizi.

"Kula. Hata anayekwenda kuchunga huenda ameshiba."

Nilikuwa nimemsongea ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ule mgumu unaonata, ambao ukiuangusha unaomba radhi sakafu. Na mlenda pembeni. Bujiku akanawa kwa mafuta ya taa, akanawa kwa sabuni, akanawa kwa maji, akakata tonge, akalifinyanga, akalitia shimo kwa kidole gumba kama tufanyavyo sote ili mboga ipate pa kukaa. Kisha mkono ukasimama njiani, kati ya bakuli na mdomo.

Akalitazama lile shimo. Akalitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mkewe.

"Mke wangu," akasema polepole, "tonge hili limekikumbuka kidole changu."

"Vizuri. Sasa na likumbuke tumbo lako."

Hakunisikia. Akainuka, akaenda kwenye lile gurudumu asi, akaling'oa, na mbele ya macho ya watu akalibandika tonge langu kwenye taya ya chuma! Akarudi, akakata la pili, akabandika ubavuni mwa taya, upande unaotazama nje. La tatu akaliweka utosini. Ugali wangu! Nilioutwanga mwenyewe!

"Enyi watu!" nikalia. "Mshikeni! Chuma hakina njaa! Ameanza kuaga akili kabla hajaaga gereji!"

"Mwacheni, amlishe," akasema Salvatory akishika mbavu. "Labda breki ilikuwa haijanywa hata uji."

Lakini Bujiku alikuwa amekwisha lowesha rimu kwa maji ili isinate, akalipandisha gurudumu, akakaza nati zote, akalizungusha mara moja tu, polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. *Krrr*, likaguna. Akalifungua, akalishusha, akapiga magoti mbele ya ugali. Watu wote wakainama, na mimi nikainama, kwa maana hasira na udadisi vilikuwa vimeshikana mashati ndani yangu.

"Tazameni," akasema. "Ubavuni tonge limebanwa likawa jembamba kama punje ya mahindi, lakini halikukatika. Maana yake spesa inatosha. Sasa tazameni utosini."

Utosini mwa taya, tonge lilikuwa limechimbwa mtaro: mwembamba, ulionyooka, wa upana wa kidole, hadi kwenye chuma. Bujiku akaliinamia gurudumu, akaingiza kichwa ndani ya rimu, na humo ndani, penye weusi wa barabara uliokauka, vipande viwili vidogo vikawa vimejipaka ugali kama watoto wezi.

"Risasi za balansi!" akanguruma kutoka ndani.

Kwa wasiojua: ni vipande vidogo vya risasi vinavyobandikwa ndani ya rimu ili gurudumu lisitetemeke likienda kasi. Vya kulia vilikuwa vimebandikwa mbali na taya. Hivi vya kushoto vilikaa pale hasa vinapopita juu ya taya. Kila kimoja kikubwa kama jino la ng'ombe. Hao ndio waliomzuia shujaa tangu asubuhi! Hao ndio waliotaka kumpeleka Nkoma!

Akawang'oa kwa bisibisi, akawahamishia ndani kabisa ya rimu ambako taya haifiki, akawabandika upya. Akapandisha gurudumu. Akasukuma.

Kimya.

Akasukuma kwa nguvu zaidi. Kimya kilekile, kitamu kama cha kanisani mtoto anapolala. Na hapohapo, kutoka msikitini, adhana ya alasiri ikaanza. Salvatory akageuka kutafuta lile tonge lenye mtaro ili alikague kwa makini, pengine apate dosari. Akakuta mbwa wake mwekundu ndiyo kwanza anamaliza kulila.

Lakini kiapo kilikuwa na nusu ya pili. Basi Yusta akakamata usukani, Bujiku pembeni yake, mimi nyuma na kapu langu, na Salvatory akatufuata kwa pikipiki kama shahidi wa upande wa mashtaka. Yusta alizijaribu breki kila baada ya nguzo tatu za umeme, hata paji langu la uso likafahamiana vizuri na kiti cha mbele. Na tulipokaribia Ngulyati, nani amesimama katikati ya njia, mweusi, nundu juu, akitafakari?

"Sista," akasema Bujiku, akishika mlango kwa mikono yote miwili, "ni yeye."

"Namwona," akasema Yusta, na sauti yake haikuwa ya muuguzi.

Akakanyaga. Na gari, enyi watu, halikufikiri! Lilisimama pale pale lilipoambiwa, magurudumu yote manne mahali pake, na kati ya bampa na fahali pakabaki nafasi ya mkono mmoja wa mtu mzima. Vumbi likatupita, likaenda mbele bila sisi. Watoto wa Ngulyati walifungua midomo kulia "Mooo", ikabaki wazi.

Fahali akageuza shingo. Akalitazama gari. Kisha, mbele ya mashahidi wasiopungua ishirini, akapiga hatua moja, akafika kwenye gurudumu la kushoto, akainamisha kichwa chake kikubwa hadi chini.

Iandikwe basi, na wajukuu wasomewe, kwamba fahali wa Mayige, asiyemwinamia mtu wala gari, alilisujudia gurudumu la Bujiku. Wapo wasemao kwamba breki zilipopata moto, mabaki ya ugali yalianza kuungua na kunukia, na fahali aliinama kulamba. Hao ni watu wa Salvatory, msiwasikilize.

Tukarudi Bariadi kwa vigelegele. Bujiku akazipanga spana zake ukutani moja moja, zote zipo, hakuna iliyovuka barabara. Kisha akakumbuka kwamba tangu alfajiri hajatia kitu kinywani, akanigeukia kwa unyenyekevu wa mashujaa wote waliokwisha shinda.

"Mke wangu," akasema, "tonge limebaki?"

"Limebaki," nikamwambia. "Kamwombe fahali."