Mzigo Unapanda Bila Mtu

"Idara ya Ugavi wa Vituo vya Juu Zaidi, tawi la Moshi, inautangazia umma kuwa kuanzia Jumatatu ijayo mizigo yote ya idara itapanda mlimani bila mtu. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu."

Wananchi walikuwa watulivu tangu asubuhi, maana tangazo lilikuwa limesomwa na Leonia, katibu muhtasi aliyelipiga chapa, na muuza karanga mmoja aliyedhani ni nafasi za kazi. Lakini Bwana Wenseslaus, Afisa Ugavi wa tawi, alilitazama pale mlangoni lilipobandikwa, akajisikia kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto.

"Hapa sasa lazima nipandishwe," alisema.

Kupandishwa ndiko kulikomnyima raha. Aliosoma nao chuo walikwisha kupandishwa wote, wako Dar es Salaam kwenye ofisi zenye viyoyozi, naye bado alikuwa chumba cha nyuma karibu na stendi, akipigiwa honi kutwa. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba Elirehema, mtunza kituo cha kupimia hali ya hewa kilichoko juu ya msitu wa Machame, anapata unga, maharage na mafuta ya taa. Mizigo hiyo ilibebwa kichwani na Valerian na wapagazi wenzake, na ilikuwa ikifika. Hapo ndipo penye tatizo. Jambo linalofika kila mara halimpandishi mtu cheo.

Ndipo mwezi huo wa Machi, mwaka 2008, redio ya ofisini ikatoa habari. Ulaya wamerusha kwa mara ya kwanza chombo chao cha kupeleka mizigo kwenye kituo cha angani, kule ambako kuna watu wanaishi wakiizunguka dunia. Ndani mna chakula, maji, mafuta na nguo. Dereva hamna. Utingo hamna. Chombo kitajiendesha chenyewe, kitakitafuta kituo chenyewe, kisha kitajishikiza chenyewe kama kupe kwa ng'ombe.

Bwana Wenseslaus aliweka kikombe chini.

"Leonia, umesikia? Wao wana mzigo, sisi tuna mzigo. Wao wana kituo, sisi tuna kituo. Cha kwao kiko juu, cha kwetu kiko juu. Sasa kinachoturudisha nyuma ni nini?"

"Hela, bosi."

"Watu! Kinachoturudisha nyuma ni watu."

Waraka ukatoka siku hiyohiyo. Ulieleza kuwa katika enzi hizi za utandawazi idara inaanzisha uwasilishaji wa mahitaji usiotegemea uwepo wa binadamu, na kwamba wapagazi wote wanahamishiwa katika hali ya kutokuwepo hadi watakapoarifiwa vinginevyo. Valerian aliusoma, akaja ofisini na kofia mkononi.

"Shikamoo, bosi. Hili neno kutokuwepo, maana yake tumefukuzwa?"

"Marahaba. Hapana, Valerian. Anayefukuzwa ni mtu aliyepo."

"Aisee," alisema Valerian, akaitazama mikono yake yote miwili kuhakikisha.

Kamati ya Chombo ilikutana kabla ya chai. Roketi ilijadiliwa na kuahirishwa kwa kukosa fungu. Baada ya chai ikaonekana kwamba kuna mfugaji kule Boma Ng'ombe mwenye punda anayeazimishwa. Leonia, ambaye alikuwa anaandika kumbukumbu za kikao, akanyoosha mkono.

"Samahani, bosi. Punda akipanda na mzigo, si yeye ndiye atakuwa dereva?"

"Punda ana leseni?"

"Hana."

"Basi si dereva. Andika."

Kikao kikapitisha kwa kauli moja kwamba punda huyo asiitwe tena punda. Ataitwa Chombo, na mwenye punda aonywe asimsalimie kwa jina lake la nyumbani mbele ya wageni.

Uzinduzi ulifanyika Machame, kwenye uwanja wa shule iliyo karibu na msitu, mahali vihamba, yale mashamba ya migomba ya Wachaga, vinapoishia. Wanafunzi waliimba. Chombo kilifungwa magunia ya unga, maharage na dumu la mafuta ya taa, na shingoni kikavishwa utepe wa rangi za taifa. Bwana Wenseslaus alishika kipaza sauti akahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, umati ukimfuatisha. Sifuri ilipofika, Chombo hakikusogea. Akahesabu tena, kwa sauti ya ukali zaidi. Safari hii Chombo kilitanua miguu ya nyuma kikamwaga maji mengi, na Bwana Wenseslaus akawafafanulia wageni kuwa huko ni kupunguza uzito. Kisha mpiga ngoma mmoja akapitiwa, akalipiga goma kubwa kabla ya zamu yake. Chombo kikaruka, kikauacha uwanja kwa mwendo wa kutia moyo, kikaipita njia ya msituni bila kuitazama, kikakata kushoto kuingia kwenye kihamba cha Dainess, mke wa Elirehema. Huko kulikuwa na lundo la migomba iliyokatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe wake wa maziwa. Chombo kikasimama hapo.

"Chombo kimeondoka salama," Bwana Wenseslaus alimsomea Leonia taarifa ya kwenda makao makuu. "Kwa sasa kiko katika njia ya kusubiri."

"Kiko kwa Dainess, bosi. Kinakula."

"Cha Ulaya kimeshafika kituoni?"

"Redio inasema bado. Kinazungukazunguka kwanza, wanakijaribu."

"Na chetu kinafanya nini?"

"Kinauzunguka mgomba."

"Basi tunakwenda nao sambamba."

Kule juu mambo hayakwenda sambamba na chochote. Mzigo wa mwisho uliobebwa na watu ulikuwa umekwisha. Kila asubuhi Elirehema aliita kwa redio ya upepo, na kila asubuhi sauti yake ilikuwa imepungua kidogo.

"Ofisi, ofisi. Unga umeisha, nakwangua sufuria. Mafuta ya taa yamebaki ya kunusa. Baridi ya huku mnaijua?"

"Vumilia, Kituo cha Juu. Uko ndani ya matarajio."

"Ndani ya matarajio kuna chakula, bosi?"

Elirehema akakohoa, kikohozi kirefu, kisha redio ikakoroma peke yake. Leonia aliinama mezani akajifuta macho kwa kanga. Na Bwana Wenseslaus naye, tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu. Akanyanyuka, akashika kitasa cha mlango ili atume mtu akamwite Valerian. Lakini simu ikalia. Ilikuwa makao makuu: Mkurugenzi Mkuu, Bi Victoria, amefurahishwa mno na taarifa ya Chombo na atakuja mwenyewe kushuhudia. Bwana Wenseslaus akarudi kitini polepole. Akamwambia Leonia aandike kuwa mahitaji ya kituo yamefikia kiwango cha kuridhisha cha upungufu.

Kesho yake Dainess akateremka mjini na gari la maziwa, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu uketi."

"Sikai. Mume wangu ana njaa kule juu, na punda wako ananenepa kule kwangu. Nimekuja uwabadilishe."

"Mama, tafadhali, usiseme punda."

"Niseme nini?"

"Chombo."

"Haya. Chombo chako kimemaliza chakula cha ng'ombe wangu. Maziwa yamepungua, na jana kimeingia jikoni."

"Kimejishikiza?"

"Nini?"

"Kule jikoni. Kilijishikiza chenyewe, au kuna mtu alikielekeza?"

Dainess akatoka bila kuaga, na kwa mwanamke wa kwaya ya usharika huko Machame hilo ni tusi kamili.

Alipofika nyumbani alimfungua punda magunia, akalishusha dumu, akatuma watu wakamwite Valerian na wenzake.

"Nasikia ninyi siku hizi hampo."

"Hatupo, dada. Kuna waraka."

"Vizuri. Basi hakuna atakayewaona mkipanda."

Akawafungia kiburu cha moto, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye majani ya mgomba, nao wakajitwika mzigo, wakashika njia ya msituni siku hiyohiyo kwa kasi ya watu wanaojua kwamba mwenzao ana njaa.

Juma hilohilo redio ikatangaza kuwa chombo cha Ulaya kimekifikia kituo cha angani na kujishikiza chenyewe, bila kuguswa. Bwana Wenseslaus alikuwa bado anaipigia makofi habari hiyo pale redio ya upepo ilipokoroma.

"Ofisi, ofisi. Mzigo umefika. Mungu awabariki. Nimekula."

Bwana Wenseslaus alilia. Alilia waziwazi mbele ya Leonia, machozi ya mtu aliyeaminiwa na historia. Hakuuliza mzigo umefikaje. Swali la namna hiyo, alisema baadaye, huonyesha kutokuwa na imani na mfumo.

Bi Victoria alifika kutoka Dar es Salaam na msafara wake, sherehe ikafanywa palepale uwanjani. Chombo kilikuwepo, kimenenepa, kikatambulishwa kuwa kimerejea salama. Risala ikasomwa. Kisha Bwana Wenseslaus akaunganisha redio ya upepo kwenye spika, ili kituo kitoe ushahidi moja kwa moja.

"Kituo cha Juu, waeleze wageni. Mzigo ulifika?"

"Ulifika, bosi."

"Thibitisha kuwa haukuletwa na mtu."

Elirehema alikuwa mzee wa kanisa, na uongo ulimpa shida ya kumeza.

"Bosi, uliletwa na Valerian na wenzake. Na kiburu alipika mke wangu. Dainess, kama unanisikia, kilikuwa kitamu sana."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Dainess akajifunika uso kwa kitenge, akicheka na kulia. Bwana Wenseslaus peke yake hakutikisika.

"Mheshimiwa," alimwambia Bi Victoria, "ushahidi huo unakubaliana na mfumo. Wapagazi hao kisheria hawapo."

"Si wale pale wanakunywa soda?"

"Wanaonekana tu, Mheshimiwa."

Bi Victoria aliwatazama wapagazi. Akamtazama punda. Akautazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunua mpaka kileleni. Kisha akasimama kwenye kipaza sauti, uso hauna hata chembe ya utani.

"Bwana Wenseslaus, nimefanya kazi serikalini miaka mingi, na sijaona kitu kama hiki. Kuanzia leo unapandishwa."

Makofi. Bwana Wenseslaus akashika moyo wake. Aliiona ofisi yenye kiyoyozi, akaliona na zulia.

"Nashukuru sana, Mheshimiwa. Nitahamia Dar es Salaam lini?"

"Dar es Salaam iko chini. Nimesema unapandishwa." Bi Victoria akaonyesha kidole juu ya msitu. "Mfumo mzuri kama huu unataka msimamizi upande wa kupokelea. Elirehema atashuka apumzike na familia yake. Leonia atakaimu nafasi yako. Wewe utakwenda kuishi kituoni uupokee mzigo unaokuja bila mtu."

Bwana Wenseslaus aliondoka na koti zito la kuazima na cheo kirefu kilichohitaji mistari miwili: Msimamizi Mkuu wa Mapokezi Yasiyo na Mtu, Kanda ya Juu Zaidi. Siku ya kwanza Leonia, akiwa kaimu, aliufuta ule waraka, wapagazi wakawepo tena. Punda akarudi Boma Ng'ombe, na inasemekana alikataa kuitika jina lake.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, asubuhi ya ukungu, Valerian na wenzake walitokeza kwenye kibanda cha bati. Bwana Wenseslaus alikuwa amesimama mlangoni tangu kulipopambazuka, ndevu zimemjaa, akisikiliza kama kuna nyayo. Alipowaona alishindwa kujizuia. Alimkumbatia Valerian pamoja na gunia lake kichwani.

"Karibuni, ndugu zangu. Karibuni, watu!"

Aliwachemshia chai kwa mkono wake. Wakaketi na vikombe, na Valerian akaleta habari za duniani.

"Kile chombo cha Ulaya, bosi, unakikumbuka? Redio imesema kazi yake imekwisha."

"Wamekipokeaje? Sherehe ilikuwa kubwa?"

"Hakikurudi. Walipomaliza kushusha chakula, wale wa kituoni walikijaza taka zao zote, wakakifunga, wakakiachia. Kimeungulia huko hewani, juu ya bahari."

Bwana Wenseslaus aliacha kunywa. Wapagazi, kwa heshima, wakatazama vikombe vyao.

"Baada ya kazi yote ile?"

"Baada ya kazi yote ile, bosi. Na Bi Leonia naye amesema leo tusishuke mikono mitupu. Makao makuu wanakifunga kituo, wameleta mashine ya kujipimia yenyewe. Tumeagizwa tuteremshe taka zote."

"Ziko nyuma ya kibanda," alisema Bwana Wenseslaus kwa sauti ndogo. "Makopo na betri kuukuu. Nitawaonyesha."

Valerian alikuna kichwa.

"Hizo tumeshazifunga, bosi. Limebaki begi lako."